Kunguni kwenye nyumba yangu ya wageni Kilimani: siku 12 hizi nimefanya nini

Asalaam aleikum ndugu zangu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu wote mnaonitazama Tanga, Dar, Unguja, Moshi, na yule dada wa Mafinga ambaye hakosi kwenye komenti, nimekuona mama, asante. Leo sijajipamba na video hii sijaipangilia, nimekaa sakafuni, huku nyuma mnaona kitanda kimefunguliwa chote, chaga zimeegemezwa ukutani, godoro limesimama. Hapa ni Kilimani, Nairobi, ile nyumba ya chumba na sebule niliyowaonesha mwaka jana, ambayo nimepanga kwa ruhusa ya mwenye nyumba halafu nawapangishia wageni wa siku mbili tatu, wiki. Wengi mkaniuliza dada na sisi tunataka kufungua huko kwetu, tuanzie wapi. Sasa leo nawaambia upande ambao sikuwaambia, kwa sababu na mimi sikuujua.

Nyumba imeingia kunguni.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, simu inalia meseji. Mgeni wangu, dada mmoja alitoka Kampala kwa basi na mtoto wake wa miaka miwili, amenitumia picha ya mkono wa mtoto, vipele vitatu vimejipanga kama mstari, na picha ya pili ni karatasi ya chooni ina kitu kimeminywa, damu. Hakunitukana. Ameandika tu, "Dada naomba uje uone." Nyie, ningetukanwa ningejisikia nafuu, maana yule mtoto usiku kucha alikuwa analia na mama yake anadhani ni ugeni wa mahali.

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kile kitanda nimekinunua mwenyewe, nimelipia mashuka meupe, nimepiga picha, nimeweka mto wa maua, na miezi kumi na nne sijawahi kukilalia hata usiku mmoja. Hata mmoja.

Nikafika saa moja kasoro. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kumhamishia kwenye nyumba ya rafiki yangu hapo Kileleshwa, na nashukuru Mungu sikukimbilia, maana ukimhamisha mtu na begi lake hivyo hivyo umehamisha na kunguni, unamharibia na mwenzio. Tukafanya hivi, nguo zake zote na za mtoto tukazitia kwenye mifuko ya plastiki tukafunga, nikapeleka kwa dobi mwenye draya, ile mashine ya kukaushia nguo, nikamwambia weka moto wa juu kabisa nusu saa nzima, begi lenyewe tukalikagua kwenye zipu na mishono nikalipitisha mvuke. Ndo akahamia, nikamrudishia hela zake zote za siku nne na dobi nikalipa mimi. Kunguni moto ndo adui yake mkubwa, ukivuka nyuzi 50 hatoboi, yeye wala mayai yake, nguo ukifua fua kwa maji ya nyuzi 60, ila maji ya vuguvugu unawaogesha tu.

Sasa kuna kitu nilikosea hapa nakisema wazi. Nilimpigia Mama Shiru, mama anayenifanyia usafi, nikiwa na hasira, nikamuuliza mashuka unafua kweli au unakunja tu? Akanyamaza. Nitarudi kwa Mama Shiru.

Ngoja nisogeze kamera muone. Hapa kwenye pindo la godoro, mnaona hivi vidoa vyeusi kama mtu kagusagusa na kalamu ya wino? Hicho ni kinyesi chao, damu iliyoyeyushwa tumboni, ukipitisha kitambaa kibichi kinachuruzika rangi ya kutu. Na haya maganda ya rangi ya asali ni ngozi wanazovua, maana toka kwenye yai mpaka kuwa mkubwa anavua mara tano, na kila mara lazima anywe damu kwanza. Mkubwa ni kama punje ya dengu, bapa, mwekundu wa kahawia. Mtoto aliyetoka kwenye yai ni kadogo hakana rangi, ni shida kumuona mpaka anywe. Na yai ni jeupe, kama milimita moja, limegandishwa kwenye ufa kama kwa gundi. Kuna na harufu pia, wakiwa wengi chumba kinanuka utamuutamu wa giligilani zilizoanza kuoza, huku wanaita dania. Mimi ile harufu niliisikia mwezi mzima nikadhani ni rangi ya ukuta.

Lakini godoroni walikuwa wachache. Kambi yenyewe ilikuwa hapa, kwenye hedibodi, ule ubao wa kichwani mwa kitanda. Mnakumbuka nilivyojisifia hedibodi hii, nilimtengenezesha fundi wa Ngong Road, ya kitambaa cha velveti na vifungo vimezama ndani? Kila kifungo kilikuwa nyumba. Tulivyoifungua skrubu kuitoa ukutani nyuma yake... sitawaonesha, kuna watu mnakula. Yaani kama unafungua biashara hii nisikilize hapa tu hata usiposikiliza kwingine, chukua kitanda cha chuma au mbao laini iliyopigwa randa, miguu mirefu, hedibodi ya velveti iache kwenye picha za watu.

Wametoka wapi? Siwezi kujua na nimeacha kuuliza. Kunguni haruki, hana mabawa, wala hachupi kama kiroboto, anatembea na kubebwa, kwenye begi, koti, sofa ya mtumba, tundu la soketi kutoka kwa jirani. Alama za kuumwa kwa wengine zinatokea baada ya siku kadhaa, kwa wengine hazitokei kabisa, kwa hiyo aliyelala jana anaweza kuwa ameletewa na wa wiki tatu nyuma, na huyo wa nyuma aliondoka salama na rivyuu nzuri. Na si uchafu jamani. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa inazungumzia kunguni, watu wanawatafuta kwenye viti vya treni na sinema. Kunguni anafuata joto la mwili na pumzi yako, hana habari umepiga deki au hujapiga. Uchafu na mavitu mengi chumbani vinampa pa kujificha, basi.

Bibi yangu pale Ngamiani, Tanga, kunguni wakiingia alikuwa anakitoa kitanda cha kamba uani, jua la saa sita, anachemsha sufuria la maji anamwagia kwenye viungo, kisha anapaka mafuta ya taa kwenye nyufa. Mama ameniambia nifanye hivyo hivyo. Mama yangu, maji ya moto sawa, bibi alikuwa anajua kuliko wengi wetu, lakini huku mwezi wa saba Nairobi jua halionekani siku tatu, asubuhi unavaa sweta mbili, nikianika godoro kwenye balkoni nawapunga upepo tu. Na mafuta ya taa kwenye ghorofa la watu arobaini hapana, tutaungua wote.

Basi nikaanza kutafuta dawa. Nairobi kuna wale wanaotembea na spika, ile sauti mnaijua hata huko ipo, dawa ya kunguni, mende, panya, viroboto, siku nzima. Nilinunua kachupa, hakana lebo, hakana jina, nilipofungua kichwa kikaniuma hapo hapo nikafunga. Naomba msiweke vitu hivyo kwenye godoro analolalia mtoto wa mtu. Huku kuna bodi ya kusimamia dawa za wadudu, inaitwa Pest Control Products Board, ipo kwa sheria ya 1982, dawa halali inatakiwa iwe na namba ya usajili kwenye lebo, na fundi wa kupuliza ukimuuliza unapuliza nini akakujibu ni mchanganyiko wangu, mshukuru umsindikize mpaka getini. Na yale makopo ya moshi unayofungua chumbani unatoka nje, usinunue, moshi hauingii kwenye nyufa, unawatawanya tu wanaenda kwa jirani.

Halafu kuna jambo la dawa kuzoewa. Dawa nyingi za madukani ni za kundi la pairethroidi, zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, pareto hili hili mnalolima Mafinga na huku wanalima Nakuru. Sasa kunguni wamepuliziwa hizo kwa miaka mingi mpaka wengi, nchi nyingi, hazifanyi kitu kwao. Ndo maana mtu anapuliza mara sita hela inaisha wao wapo. Fundi niliyempata wa tatu ndo alinielewesha, akachanganya njia, kwanza mvuke kwenye kila mshono wa godoro na kila ufa wa kitanda, polepole, kisha dawa ya kundi lingine kwenye chaga na chini ya ubao wa ukutani, kisha unga wa diatomaiti kidogo sana ndani ya soketi umeme ukiwa umezimwa. Unga huu unachimbwa hapa hapa Kenya, Kariandusi, karibu na Gilgil, ni mabaki ya vijidudu vya majini vya zamani sana, ukimgusa kunguni unamkwangua ule utando wa nta kwenye ngozi, maji yanamtoka anakauka. Hiyo hawaizoei kirahisi, maana haiwaui kwa sumu, inawakausha. Ila usiuvute puani, vaa barakoa, na usimwage kama unga wa ugali.

Sasa nije kwenye kalenda, hapa ndo nilipogombana na watu. Kuna grupu la wenye nyumba za wageni nipo humo, nikauliza nifunge siku ngapi, wengi wakaniambia puliza asubuhi, fungua madirisha, jioni pokea mgeni, akilalamika mwambie ni mbu. Nimeumia kusikia. Yale mayai dawa nyingi haziyaui, yanaanguliwa baada ya siku sita mpaka kumi hivi, kukiwa na baridi yanachelewa zaidi, kwa hiyo ukipuliza leo umeua wakubwa, wiki ijayo una kizazi kipya na mgeni mpya juu yake. Lazima urudie baada ya siku kumi mpaka kumi na nne kabla hao wadogo hawajakua wakataga. Mimi nimefunga kalenda wiki nne. Nyumba hii naitoza shilingi 4,500 za Kenya kwa usiku, pigeni hesabu, kodi mwenye nyumba ananidai ile ile. Nimelia. Lakini siwezi kumpokea mzazi na mtoto wake nikijua. Na wageni watatu waliolala hapa kabla ya yule dada nimewaandikia mmoja mmoja, kwamba nimekuta kunguni, kagueni mabegi yenu, nguo zipitisheni kwenye moto. Mmoja amenijibu vibaya sana na ana haki. Wawili wameshukuru.

Mama Shiru. Siku ya tatu alikuja kunisaidia kubeba mashuka, tukiwa tumeinama hapa akaniambia, "Madam, hata kwangu wako. Sijui walitoka huku ama walitoka kwangu. Niliogopa kukwambia, utanifuta." Anakaa Kawangware, chumba kimoja na watoto watatu. Yeye ndo alikuwa anayabeba mashuka ya wageni wote mikononi na begani kwa 800 kwa siku, anakumbatia kila kinachotoka kwenye kitanda hiki, na mimi nikampigia simu kumfokea. Nimemuomba radhi mbele ya mtoto wake mkubwa. Fundi aliyepuliza hapa amepuliza na kwake siku ile ile, hela yangu, maana ningesafisha huku peke yake ingekuwa kazi bure, na hata kama isingekuwa bure ilikuwa haki yake. Sasa mashuka hayabebwi tena, yanaingia kwenye mfuko hapa hapa kitandani, unafungwa, unafunguliwa mdomoni mwa mashine. Nyie mnaofungua nyumba za wageni, mtu wenu wa usafi mwambieni toka siku ya kwanza kwamba akiona kidoa akisema, hafukuzwi. Yeye ndo macho yenu, nyie hamlali pale.

Majirani nimewagongea, wa kulia, wa kushoto, wa chini. Wa chini alikuwa nao miezi minne, kanyamaza kwa aibu.

Na swali mliloniuliza kwenye stori jana, kama nyumba nimefunga kwa nini nipo humu usiku? Fundi alinikatalia kuhama. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, chumba kikiwa kitupu anatulia kwenye ufa anasubiri, au anahamia kwa jirani. Mtu akilala anatoka kumfuata, na akitoka anapita juu ya dawa. Kwa hiyo toka siku ile nalala mimi. Godoro nimelivalisha kava la zipu lote, kitanda nimekisogeza mbali na ukuta, shuka haligusi chini, na kila mguu wa kitanda umesimama kwenye kibakuli laini nimepaka poda ya mtoto, wakiingia hawawezi kupanda. Kila asubuhi nahesabu. Usiku wa kwanza tisa. Wa pili sita. Wa tatu wanne na niliumwa mara mbili hapa kwenye kiwiko, mnaona. Wa saba mmoja. Wa tisa watoto wawili wadogo sana, hao ndo waliotoka kwenye mayai. Jana na juzi hakuna, lakini sijaamini bado, nasubiri.

Huyo fundi anagonga, ni mpulizo wa pili. Nikitoka hapa nakaa nje masaa manne, narudi, natandika, nalala. Ngoja nimfungulie.