Dakika 40, Senta Wawili

Habari za jioni, makocha. Asanteni kwa kubaki, maana najua baadhi yenu mna mazoezi kesho alfajiri.

Mada niliyopewa ni jinsi timu ya chuo ya mpira wa kikapu inavyoweza kugawa dakika za senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu. Kwenye karatasi hesabu yake ni ya mtoto wa darasa la pili. Mchezo wa wanaume wa vyuo vya Marekani una dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Senta wa kwanza akipata 25, wa pili ana 15. Shida huanza mwamuzi akirusha mpira juu.

Nimechagua Purdue, chuo cha West Lafayette, Indiana, kwa sababu kocha wao Matt Painter ameishi na jambo hili miaka mingi. Alikuwa na A.J. Hammons na Isaac Haas. Hammons akaenda, akabaki Haas na Matt Haarms. Kisha Haarms na Trevion Williams. Kisha Williams na Zach Edey. Mmoja akikaribia kumaliza masomo, mwingine yuko benchi anajifunza kazi. Hao wawili wa mwisho ndio nataka tukae nao.

Msimu wa 2020-21 Williams ndiye aliyekuwa senta wa kutegemewa: pointi 15.5 na ribaundi 9.1 (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) kwa mchezo, akaingia kikosi cha kwanza, yaani orodha ya wachezaji bora wa msimu, cha ligi yao ya Big Ten. Edey, kijana wa Toronto aliyeanza kikapu akiwa amechelewa, alikuwa mwaka wa kwanza na alipata kama dakika 15. Msimu uliofuata ulikuwa wa mwisho kwa Williams. Painter akafanya nini? Akamwanzisha Edey, Williams akatokea benchi.

Sasa tazameni dakika. Edey alicheza wastani wa 19. Williams alicheza 20. Yaani anayeanza alicheza pungufu ya anayetoka benchi! Sifa ya kuanza akapewa mmoja, kazi wakagawana sawa. Williams akamaliza msimu na tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa Big Ten. Mimi nadhani wengi wetu hapa tusingethubutu. Mchezaji wa kikosi cha kwanza cha ligi umwambie akae, halafu umtazame usoni siku ya pili? Lakini ilifanyika, na Desemba 2021 Purdue wakashika namba moja nchini kwenye kura za waandishi zinazoendeshwa na shirika la habari la AP, kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Iliwezekana kwa sababu hawakufanana. Edey ana sentimita 224. Unamrushia mpira juu karibu na kikapu, anageuka, anaweka. Williams alikuwa mfupi kwake ila mpana, na macho yake yalikuwa ya pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi: ukimpa mpira mgongo ukiwa umeelekea kikapu, anamwona mwenzake anayekatiza upande wa pili kabla beki hajamwona. Wapinzani wanazoea kumzuia jitu, ghafla jitu linatoka, anaingia mtu ambaye ukimkaba wawili-wawili anakuadhibu kwa pasi. Kama senta wako wawili wanacheza mchezo uleule, mmoja akiwa hafifu kidogo, kuwagawia nusu kwa nusu ni kujipunguzia nguvu bure.

Kuna suala la faulo. Chuoni ukifika faulo tano umetoka. Makocha wengi humtoa mchezaji mwenye faulo mbili kipindi cha kwanza, na senta ndiye anayezipata haraka, kwa sababu kila anayepenya anakuja kumalizia kwake. Ukiwa na senta wawili wa kweli una faulo kumi. Wa kwanza anaweza kuruka kuzuia bila hofu, kwani nyuma yake kuna mtu.

Halafu kuna saa ya televisheni, ambayo huku kwetu hatuna lakini inafaa kuijua ukitazama mechi zao. Katika kila kipindi, filimbi ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 huleta mapumziko ya matangazo. Kocha mjanja humtoa senta wake, tuseme, zikiwa zimebaki dakika 12 na nusu. Yanakuja matangazo, wanakaa, wanarudi. Kijana amekosa dakika moja tu ya mchezo lakini mapafu yake yamepumzika dakika kadhaa za saa ya ukutani. Nikiona senta ametolewa muda wa ajabu ajabu, kitu cha kwanza ninachotazama ni saa. Mara nyingi jibu liko pale.

Haya. Machi 2022, kwenye mashindano ya taifa ya vyuo, Purdue walitolewa na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, 67-64, timu zikiwa zimebaki 16. Ndipo watu wakauliza: mbona Edey alikuwa anacheza nusu ya mchezo?

Twende kwenye hesabu. Katika dakika zake 19 Edey alifunga pointi 14.4. Hiyo ni karibu pointi tatu kwa kila dakika nne. Williams alipoondoka, Edey akapanda hadi karibu dakika 32, akafunga 22.3. Msimu wa 2023-24, dakika 32 tena, 25.2. Pigeni hesabu: bado ni karibu pointi tatu kwa kila dakika nne. Dakika ziliongezeka zaidi ya nusu, kasi haikushuka. Akawa mchezaji bora wa taifa miaka miwili mfululizo.

Wapo watakaosema Painter alikosea. Mimi sisemi hivyo. Mwili wa Edey wa mwaka wa pili haukuwa ule wa mwaka wa tatu. Dakika 32 hubebwa na miguu, na miguu hujengwa. Ninachosema ni kwamba mgao wa Novemba haupaswi kuwa mgao wa Machi. Kila wiki mbili kocha aangalie: huyu nikimwongezea dakika tatu, kasi yake inashuka? Kama haishuki, mwongeze tena, mpaka ishuke.

Mfano mwingine wa mgao ni chuo cha Connecticut, 2023. Adama Sanogo kutoka Mali alicheza dakika kama 27, Donovan Clingan wa mwaka wa kwanza kama 13. Jumla 40, wala hakukuwa na ubishi nani ni nani. Clingan, mwenye sentimita 218, aliingia kama adhabu kwa timu iliyokwisha kuchoka kusukumana na Sanogo. Na mashindano ya taifa mwaka ule yaliangukia Ramadhani. Sanogo alikuwa amefunga. Mnaofunga mnajua maana ya kusukumana na majitu katika hali hiyo. Fainali walishinda San Diego State 76-59, Sanogo akafunga pointi 17 na ribaundi 10, akawa mchezaji bora wa hatua ya mwisho.

Na chuo hichohicho ndicho cha Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam. Msimu wa 2008-09 alicheza karibu dakika 32: pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku (mitupo aliyoizuia) 4.2. Kwake mgao haukuhitaji mjadala. Ila Februari 2009, Connecticut wakiwa namba moja, walikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwa Thabeet kwa kama sentimita 20, mzito kama gunia la chumvi. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76-68. Mrefu mmoja hamalizi kila aina ya mpinzani.

Naona mkono pale nyuma. Eeh, swali zuri: kwa nini wasicheze wote wawili pamoja?

Chuo cha Kentucky, 2014-15, walifanya hivyo. Kocha wao John Calipari alikuwa na warefu watatu: Karl-Anthony Towns, Willie Cauley-Stein na Dakari Johnson. Towns, aliyechaguliwa wa kwanza NBA mwaka ule, alicheza dakika kama 21 tu. Walishinda michezo 38 mfululizo kabla ya Wisconsin kuwafunga 71-64, na Frank Kaminsky, senta mwenye mtupo wa nje, akaweka pointi 20. Warefu wawili waliweza kukaa pamoja kwa sababu Cauley-Stein alikuwa na miguu ya mlinzi wa nje. Dhidi ya Notre Dame, Kentucky wakiongoza 68-66 na sekunde zikiyoyoma, aliyemkimbiza Jerian Grant uwanja mzima, gadi mwenye mpira, alikuwa yeye. Kwa hiyo, kocha, kabla ya kuwapanga wako wawili, mpeleke mmoja nje ya mstari wa pointi tatu mazoezini, umpe gadi wako mwepesi kuliko wote amkabe. Utapata jibu siku hiyohiyo.