Kipo, lakini kinafanya kazi?

(Mhadhara kwa wataalamu wa maabara na wanafunzi, Kigoma)

Shikamoni wakubwa zangu. Na nyie vijana mliojibana karibu na feni, habari za asubuhi.

Kichupa hiki kina maikrolita 100 tu. Ukikimwaga mezani hutapata hata cha kupangusa. Ndani mna kingamwili za sungura. Sungura alidungwa kipande cha kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) cha binadamu kiitwacho G6PD, mwili wake ukakiona mgeni, ukaunda kingamwili za kukikamata. Sisi tunazitumia kukisaka kimeng'enya hicho kwenye damu.

Kwa nini hicho? Ndicho kinachoilinda chembe nyekundu ya damu isiharibike. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, haiwezi kutengeneza protini mpya. Kimeng'enya ilichoingia nacho kwenye mzunguko ndicho itakachozeeka nacho kwa siku zake 120 hivi. Aliyezaliwa na kasoro ya G6PD akipewa primakwini, dawa ya malaria, kwa siku nyingi, chembe zinapasuka na mkojo unatoka kama chai ya rangi iliyokolea. Watafiti wa Marekani waliigundua kasoro hiyo mwaka 1956. Na najua swali linakuja: maharage yanayosemwa huwadhuru watu hawa ni yale ya fava, yanayoliwa sana Misri na pande za Mediterania. Ya Kasulu kuleni.

Tunapasua chembe, tunatenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, tunazihamishia kwenye utando, ndipo tunatia kingamwili. Mstari hujitokeza usawa wa kilodaltoni 59, yaani uzito wa protini hiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilipata mstari mweusi tii, nikaita wenzangu waje waone. Mzee mmoja wa maabara akaniuliza taratibu, "Mwanangu, chembe nyeupe ulizitoa?" Sikuwa nimezitoa. Zina G6PD nyingi mno; nilikuwa nasifia damu isiyohusika.

Lakini hata ukizitoa, mstari unakwambia kimoja tu: protini ipo. Ukisimama hapo bandarini ukaona meli imefungwa gatini, umejua ipo. Injini kama inawaka, hujui. Kasoro nyingine hukifanya kimeng'enya kivunjike mapema, hapo mstari unafifia. Nyingine hukiacha tele ila goigoi, na kingamwili hukikamata vilevile. Ndiyo maana kichupa kimeandikwa ni cha utafiti tu. Naona mtu anatabasamu; nadhani alishafikiria kukipeleka wodini.

Kwa mgonjwa tunapima utendaji. Tone la damu linachanganywa na sukari ambayo kimeng'enya hicho huifanyia kazi, pamoja na NADP, kemikali ambayo kimeng'enya kikiigeuza hung'aa, kisha linamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Likiwaka, kazi inafanyika. Likibaki giza, kuna upungufu. Ila msimpime aliyetoka kupasukiwa chembe juzi mkaridhika. Zile kuukuu zimekwisha, zimebaki changa zenye kimeng'enya cha kutosha, na majibu yatadanganya. Mwandikieni arudi baada ya miezi 3.

Haya, mama wa safu ya pili, mkono wako nimeuona.