Huyo wa kope za pinki hajamroga mtu

Jamani, hili nishaliongea mara nyingi na leo nalirudia: bundi si mchawi. Na naongelea yule mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, kitaalamu anaitwa Bubo lacteus, wa kijivu mwenye macho meusi na kope za pinki. Jike ndo kubwa, linaweza kufika kilo 3, mabawa akiyakunjua ni karibu mita moja na nusu.

Ngoja niwape hii ya ngozi. Nilifika kijiji kimoja huko Dodoma nikakuta watu wameshika mashoka wanataka kuukata mgunga, kisa kila wakiamka wanakuta chini yake ngozi za kalunguyeye, miiba yote ipo ila ndani hamna kitu, wakasema wachawi wanakesha hapo. Nikaokota moja nikaigeuza, bado mbichi, imechunwa safi hata kipande cha nyama hakuna. Ndo kazi ya huyo bundi! Kalunguyeye akishajikunja kama mpira wanyama wengi wanamuacha, yeye anamkamata kwa zile kucha ndefu, anamchuna, anakula, ngozi anaidondosha. Tukatazama juu, huyo hapo kwenye tawi kasinzia, kope za pinki zinaonekana kabisa. Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa naogopa ndege amelala?"

Mtaniambia mbona akilia mtu anafariki. Haya, zile usiku alizolia na hakufa mtu nani kazihesabu? Anaguna kwa sauti nzito anamwita mwenzie, anatangaza hapa kwangu, basi. Na ule mluzi mkali unaowatisha mara nyingi ni kinda linadai chakula.

Na hapo kwenye kinda ndo pananiuma. Hajengi kiota, anachukua cha tai au kile kikubwa cha ndege fundichuma, mayai kwa kawaida 2, anaatamia kama siku 38, kisha kinda la pili karibu kila mara linakufa, linabaki moja tu, nalo linawategemea wazazi miezi mingi hata baada ya kujua kuruka, sasa wewe ukimpiga mzazi jiwe umeua wangapi hapo?

Nilitaka nigusie na sumu ya panya na nyaya za umeme, navyo vinawaua bundi, ila naonyeshwa saa. Ile ngozi ninayo kwenye mfuko, njooni mbele muishike, taratibu tu, miiba bado inachoma.