Colossal Youth: albamu isiyo na mpiga ngoma

Asanteni. Leo ninataka tuzungumzie bendi iliyotoa albamu moja tu ya studio, kisha ikavunjika.

Bendi yenyewe ni Young Marble Giants, ya Cardiff, Wales. Walikuwa watatu: Alison Statton mwimbaji, Stuart Moxham kwenye gitaa na kinanda, na nduguye Philip kwenye besi. Albamu inaitwa Colossal Youth. Waliirekodi kwa siku chache, na Rough Trade, kampuni ya rekodi ya London, ikaitoa mwaka 1980.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye panki, muziki wa roki wa kasi na kelele. Ngoma zilitwangwa kwa hasira, waimbaji walifoka. Hawa wakaja bila mpiga ngoma kabisa. Midundo ilitoka kwenye mashine, ikarekodiwa kwenye kaseti, na jukwaani kaseti hiyo ndiyo iliyochezwa. Nasikia mtu anacheka huko nyuma. Cheka, lakini subiri.

Angalieni mkono wa kulia wa Stuart. Kiganja amekilaza juu ya nyuzi, kwa hiyo kila noti inakatwa palepale inapozaliwa: tk, tk, tk. Gitaa linageuka kuwa chombo cha mdundo. Hapo besi ya Philip inapata nafasi ya kupanda juu na kubeba melodia, kazi ambayo kwa kawaida ni ya gitaa. Yaani wamebadilishana majukumu! Katikati anaimba Alison, sauti kavu, haitetemi, kama mtu anayejiimbia huku akiosha vyombo. Mimi naona hapo ndipo penye ujasiri wote: ukiwa na vyombo vichache hivi, huna pa kujificha. Ukikosea noti moja, ukumbi mzima umeisikia.

Mwaka uleule walitoa pia wimbo wa Final Day, kuhusu vita vya nyuklia. Haufiki hata dakika mbili. Dunia inateketea, na Alison hapandishi sauti.

Baadaye Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani Nirvana, aliitaja albamu hii miongoni mwa zile alizozipenda zaidi, na mwaka 1994 bendi ya Hole ikaurudia wimbo wao mmoja, Credit in the Straight World, kwa magitaa yanayonguruma. Ni kazi nzuri, ila Hole wamejaza kila tundu ambalo Young Marble Giants waliliacha wazi makusudi.

Tuanze na wimbo wa kwanza, Searching for Mr Right. Aliye karibu na swichi, tafadhali zima feni.