Sijampeleka Mama Nyumba ya Wazee: Leo Najibu Komenti Zenu

Haya. Asalaam aleikum, na wenzangu Bwana asifiwe. Mtanisamehe mtandio umekaa upande, nimetoka shifti ya usiku na sijalala. Nimeegesha gari nje, namsubiri Mama atoke, hita inawaka, petroli yangu inaungua, kwa hiyo nitaongea haraka.

Mnaikumbuka ile klipu ya Mama amekaa kwenye kiti ananyanyua miguu na wazee wenzake wa Kizungu? Sekunde arobaini tu, niliiweka kwa furaha zangu. Komenti zikaja. "Dada umempeleka mama nyumba ya wazee?" "Dola zimekutia upofu." Kuna mmoja kaandika "maskini bibi wa watu" na vikatuni saba vya kulia, nimevihesabu. Sasa hata nikiweka video ya kupika pilau swali ni hilohilo, mama umemtupa wapi. Mpaka kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, kanipigia kutoka Dar, kwangu saa tisa usiku, eti "nasikia umemweka mama kwenye makazi." Umesikia kwa nani, na Mama ana simu yake ambayo huwa hupigi? Na nilipokuomba tuchangie tiketi mwaka ule ulisikia pia au mtandao ulikuwa mbaya?

Haya, tuliache hilo.

Neno lenyewe ndilo linatuponza. Nikisema kituo cha wazee, mtu wa Dar anawaza Nunge kule Kigamboni, wa Unguja anawaza Sebleni na Welezo, mahali anapohamia mzee asiye na mtu. Hapa Minnesota nyumba za wazee zipo, tena nazijua kuliko nyie kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Nageuza wagonjwa, nabadilisha nepi, naogesha mama za watu. Hii ya Mama ni nyingine kabisa. Anaingia saa nne asubuhi, anafanya mazoezi, anakula mchana, anacheza karata, anabishana, saa nane tuko nyumbani. Siku tatu kwa wiki. Usiku analala kwenye kitanda cha binti yangu, na binti yangu ndiye anayelala kwenye godoro chini, na yeye hakuna aliyemwandikia maskini.

Sasa nitasema jambo ambalo najua litakatwa na kusambazwa kwenye magrupu. Mama nilimleta anisaidie watoto. Wengi wa huku tunaoleta wazazi tunafanya hivyohivyo, kwenye video tunasema "nimemleta mama apumzike." Nafanya kazi usiku, baba watoto kila mtu kashika njia yake, na kumlipa mtu akulelee watoto hapa mshahara wote unaishia huko. Nikaapa uraia, kwa sababu lazima uwe raia ndipo umwombee mzazi, nikajaza fomu.

Ile I-864 sitaielezea yote, ina video yake. Kwa kifupi unaiahidi serikali kwamba huyu mzazi hatakuwa mzigo, na unaonyesha ritani ya kodi kwamba kipato chako kinafika asilimia 125 ya kile wanachokiita mstari wa umaskini, kwa hesabu ya watu wote wa nyumba yako pamoja na huyo anayekuja. Mimi sikufika. Nikatafuta mdhamini mwenza. Shoga yangu mmoja akakubali, tukala, tukacheka, siku ya kusaini akasema mume wake hataki. Nikafanya ovataimu mwaka mzima mpaka hesabu ikakaa. Kwa hiyo mtu akiniambia namtupa mama, ningekuwa na shida ya kumtupa ningemtupia Tanga bure.

Alifika Novemba 2022, akiwa na miaka 66. Mama ni wa Ngamiani, na watu wa Tanga mnajijua kwa baiskeli. Mama alikuwa anapanda baiskeli mpaka Soko la Mgandini, kikapu mbele, nazi nyuma. Kikoba Jumamosi, maulidi, arobaini za watu, harusi za watu, mpaka shamba Muheza anakwenda kukagua machungwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni mazoezi. Akafika kwangu theluji imeshaanza. Ghorofa ya tatu, lifti ipo, akakaa kwenye kochi. Usiku yuko na watoto mimi niko kazini, mchana mimi nalala na yeye anatembea kwa kunyata asiniamshe, televisheni inaongea Kiingereza. Ikapita mwaka. Akaanza kushika ukuta akienda jikoni. Mimi ninayelipwa kuandika kwenye faili jinsi bibi wa mtu anavyotembea sikuliona hilo nyumbani kwangu. Nilikuwa nikirudi nakuta chai na chapati za maji, nasema alhamdulillah, napanda kulala.

Machi 2024 akaanguka bafuni. Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Ila hospitali walimpiga picha, wakampima, wakatuambia akapumzike, na bili ikaja dola elfu tatu na ushee. Mpaka leo naidonoa kidogokidogo.

Najua mnachotaka kusema. "Si kuna Medicare?" Ipo. Ni bima ya serikali ya wenye miaka 65 na kuendelea. Lakini sehemu ya hospitali ya bure ni ya aliyefanya kazi hapa akakatwa kodi mpaka akapata krediti 40, kama miaka kumi, yeye au mume wake. Mama kafanya kazi maisha yake yote, ila kazi ya Tanga hapa haihesabiki. Mwenye grinikadi kama yeye anaruhusiwa kuinunua, akishakaa nchini miaka mitano mfululizo. Mfululizo! Dada yake alipofariki tulikaa mezani tunahesabu siku, aende au asiende, akienda arobaini atakaa kiasi gani. Hakwenda. Hilo nisiulizwe tena. Na akiifikisha hiyo miaka mitano, kwa bei za mwaka 2025, asiye na krediti alikuwa analipa dola 518 kwa mwezi ile sehemu A, ya hospitali, na dola 185 sehemu B, ya madaktari. Jumlisheni wenyewe mpate kodi ya nyumba ya mtu. Wanaosema najivuna, najivunia nini hapo?

Basi baada ya kuanguka daktari akasema huyu mama anahitaji kutembea na kukaza miguu. Nikaona tangazo la SilverSneakers, mazoezi ya wazee kwenye majimu, wazee wamevaa fulana wanacheka, bure. Ulianza Arizona mwaka 1992, na kampuni za bima ndizo zinazolipia, kwa sababu mzee anayetembea ni nafuu kwao kuliko mzee aliyevunjika nyonga. Nikamvika Mama raba tukaenda. Dada wa mapokezi anatabasamu, "ana mpango gani wa Medicare?" Hana. Akaendelea kutabasamu. Tukarudi. Mama kwenye gari ananiuliza, "kwani kutembea nako kunataka kadi?" Sikuwa na jibu.

Aliyenifumbua macho ni jirani, mama wa Kisomali. Akaniuliza swali moja tu, Mama amefika sitini? Kumbe kuna sheria nyingine, inaitwa Older Americans Act. Rais Johnson aliisaini tarehe 14 Julai 1965. Ile ya Medicare akaisaini tarehe 30 mwezi huohuo. Wiki mbili na siku mbili kati yake, mkono uleule! Moja inakuuliza ulifanya kazi wapi, umekaa miaka mingapi, una krediti ngapi. Nyingine inauliza una miaka 60? Ingia. Hela zake zinapitia ofisi za wilaya na majimbo, zinakuja mpaka kwenye ukumbi kama huu, zinakuwa chakula cha mchana na mazoezi na usafiri kama hela zinatosha. Mimi nilikuwa namzungusha Mama nje ya mlango uliokuwa wazi tangu siku aliyoshuka kwenye ndege, kwa sababu nilijua mlango mmoja tu.

Hapa Minnesota kuna simu inaitwa Senior LinkAge Line, unapiga unaeleza unapoishi, wanakuambia kilichopo karibu. Nikaja na bahasha langu, maana nimeshazoea: grinikadi, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, ritani, mpaka kadi ya chanjo ya homa ya manjano nilibeba. Wakanipa karatasi moja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tumpigie nani akianguka. Nikageuza nyuma, patupu. Nikauliza mara mbili, nyingine iko wapi? Nilitaka kulia, na sijui kwa nini nilikuwa na hasira pia.

Chakula kina sanduku la mchango, unaweka unachoweza, na usipoweka sheria hairuhusu wakunyime. Mama kalifanya la sadaka, kila siku dola yake moja na bismillahi. Chakula chenyewe sitawadanganya. Viazi vya kuponda havina chumvi, maharage mabichi yamechemshwa yakachoka. Siku ya nguruwe anakula mkate na matunda. Anabeba pilipili ya kukaanga kwenye kopo, na wazee wa Kizungu wameanza kuonja, mmoja alikohoa mpaka muuguzi akaja mbio.

Halafu kuna aliyeandika kwamba Mama anafundishwa ibada ya Wachina. Yale mazoezi ya polepole ni tai chi. Yale ya Mama yaliboreshwa kule Oregon mahususi kwa wazee wasianguke, na kuna utafiti wao uliochapishwa 2018, wazee wa miaka 70 na kuendelea waliokwishaanguka au wenye miguu mizito. Waliofanya tai chi idadi ya kuanguka kwao ilipungua kwa asilimia 58 kuliko wenzao waliokuwa wananyoosha viungo tu. Hakuna sanamu, hakuna ubani. Kuna pozi moja linaitwa kumfukuza nyani, unarudi nyuma hatua moja huku unasukuma mkono mbele, taratibu. Mwalimu akaonyesha. Mama akatazama, akaniambia nimtafsirie: "Mwambie ngedere hafukuzwi hivi, mimi nimewafukuza Muheza miaka thelathini." Akaonyesha na yeye, na kelele juu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kiingereza chake ni "gudi" na "noo," lakini tangu siku hiyo ana kiti chake na mtu akikikalia anahamishwa.

Ukuta haushiki tena. Ngazi anapanda za ghorofa mbili, ya tatu anaingia lifti kwa makusudi, anasema hakuja Marekani kubeba zege. Upweke haujaisha, msidhani. Ijumaa akisikia adhana ya Tanga kwenye simu ya wifi yangu ananyamaza mpaka jioni. Na basi hataki kupanda, japo nauli ya wazee ni dola moja tu, anaogopa kupotea. Ndiyo maana niko hapa macho mekundu badala ya kitandani.

Aliyeuliza "kwa nini kwetu hakuna," ndugu yangu, Zanzibar tangu 2016 mwenye miaka 70 anapata pencheni jamii na hakuna anayemuuliza aliajiriwa wapi. Umri tu. Kwa hiyo akili hiyo ipo kwetu, tusijidharau.

Na tafadhali, haya ni ya mama yangu na jimbo langu. Mama yangu ana grinikadi. Kama wako kaja kwa viza ya kutembea, au makaratasi yako njiani, usinyanyuke kesho ukasema yule dada wa video kasema. Mimi si mwanasheria, naosha watu. Uliza unapoishi. Na msinitumie pasipoti za wazazi wenu inboksi, nimezikuta nne wiki hii, jamani!

Ehe, huyo anatoka. Siwageuzii kamera, wazee wa watu wale. Yuko na babu mmoja amembebea kopo la pilipili, wa kundi la karata. Mke wake babu yuko nyuma yao palepale, kwa hiyo kule kwenye komenti msianze.