Nani Ana Namba 11? Kuweka Fungu la Anwani za Umma kwenye Ruta

Jambo yenu, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliotoka Katuba na Ruashi asubuhi hii kuja kunisikiliza. Nimeombwa nieleze jinsi ya kuweka fungu la anwani za umma za kudumu, yaani namba zisizobadilika zinazofikika kutoka popote kwenye intaneti, kwenye ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao wako wa ndani na intaneti. Nitaeleza, lakini muda mwingi nitaukalisha kwenye jambo moja, maana ndilo linalowakesha mafundi wa Lubumbashi.

Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, za toleo la 4 zina biti 32. Jumla yake ni kama bilioni 4.3, na zimekwisha. AFRINIC, shirika la kisiwani Morisi linalozigawa kwa Afrika nzima, liliingia hatua ya mwisho ya akiba yake Januari 2020. Tangu hapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kwa hiyo kampuni ya intaneti ikikupa 8, zitunze.

Tazameni ubaoni: 203.0.113.8/29. Ile /29 ina maana biti 29 za mwanzo zimefungwa, na 3 zinazobaki zinatoa anwani 8. Namba hizi zimetengwa kwa kufundishia, hazina mwenyewe. Maski yake ni 255.255.255.248. Fungu linaanza .8 na kuishia .15. Ya .8 ni ya mtandao wenyewe, ya .15 ni ya kutangazia wote, na ya .9 kwa kawaida kampuni huishika kuwa lango. Zinakubakia 5. Tajiri wako akilalamika kwamba alilipia nane akapata tano, mwonyeshe hesabu hii kwa utulivu, hakuna aliyemwibia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Fungu hilo hilo linaweza kukufikia kwa njia mbili, na karatasi ya mkataba mara nyingi haisemi ni ipi.

Fikirieni lupango, yaani kiwanja kimoja chenye geti, yenye nyumba tano ndani. Kwa njia ya kwanza, mleta barua anasimama barabarani anaita: "Nani ana namba 11?" Mtu wa getini asipoitikia, barua inarudi, hata kama mwenye namba 11 amekaa ndani anaingoja. Kwa njia ya pili, mleta barua ameshaambiwa: barua zote za namba 8 mpaka 15 mpe mtu wa geti hili. Haiti mtu. Anakabidhi na kwenda.

Wito ule wa barabarani ndio ARP. Katika njia ya kwanza fungu lote limelazwa kwenye kebo ya nje, na ruta yako lazima iitikie kwa kila anwani unayotaka kuitumia. Katika njia ya pili kampuni inakupa kwanza anwani nyingine ndogo ya kuunganishia, kwa kawaida ya /30 (fungu la anwani 4), kisha inaelekeza fungu lako lote kwenye anwani hiyo. Hapo hata zile nane zote unaweza kuzitumia, ukizigawia seva moja moja kwa NAT, yaani ruta kubadilisha anwani ya umma kuwa ya ndani na ya ndani kuwa ya umma.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa machungu. Niliwekea kliniki moja seva yake kwenye .11. Ruta niliipa .10, nikaandika kanuni ya NAT, kutoka ndani kwenda nje kukawa sawa. Kutoka nje kuingia, kimya. Nilibadilisha kebo, nikaandika upya fayawoli (kanuni za ulinzi zinazozuia au kuruhusu wageni), siku mbili zikapita na wauguzi wakiandika wagonjwa kwenye madaftari. Mwishoni nikasikiliza kebo ya nje kwa tcpdump, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye kebo. Swali lilikuwa linapita pale bila kuchoka: nani ana 203.0.113.11? (Namba halisi ilikuwa nyingine.) Na ruta yangu haijibu. Niliiongezea .11 kama anwani ya pili kwenye mlango wa nje, /32 (yaani anwani hiyo moja peke yake), na seva ikafunguka palepale. Siku mbili nzima, kwa mstari mmoja.

Basi kabla ya kugusa ruta, piga simu uulize: "Fungu hili liko kwenye kebo, au mmelielekeza kwenye anwani yangu?" Likiwa kwenye kebo, ongeza kila anwani kwenye mlango wa nje. Likiwa limeelekezwa, usizihangaikie hapo nje. Andika NAT tu, au uliweke fungu upande wa ndani, seva zibebe anwani zenyewe.

Dada wa pale nyuma anauliza: ruta yake inaonyesha nje 100.72 na kitu. Dada yangu, hiyo si ya umma. Kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni anwani ambazo kampuni huwagawia wateja wengi wanaochangia anwani moja ya umma. Rudi kwao, waambie hawajakupa ulichonunua.

Kuhusu usalama: anwani ya umma huanza kubishiwa hodi na watu wa mbali mara tu inapowaka. Funga Telnet, ile njia ya zamani ya kuiendesha ruta kwa mbali bila kuficha nywila. Mlango wa kuitawala ruta usionekane kutoka nje kabisa. Kama una ruta ya MikroTik, hiyo ni pamoja na poti 8291 (poti ni namba ya mlango wa huduma moja). Fungua zile poti tu ambazo seva inazihitaji. Na hapa kwetu, umeme unavyokatika, hifadhi mipangilio kabla hujashuka ngazi. Kwenye ruta za Cisco usipoihifadhi, ruta ikiwaka tena imesahau kila kitu.

Mwenye seva ya barua pepe aombe pia kampuni iandike jina la kinyume la anwani yake, yaani jina linalojibiwa mtu akiuliza anwani hiyo ni ya nani. Wewe huwezi kuliandika kwenye ruta, na bila hilo barua zako nyingi zitakataliwa.

Haya, tupime. Zimeni Wi-Fi, mbaki na data ya simu, kwa sababu ukijaribu kutoka ndani ruta nyingi hazikufikishi kwenye anwani yako mwenyewe ya umma, na utadhani kazi imeharibika. Anwani ninayoiandika sasa ni ya seva iliyo mezani hapa. Nani imemfungukia?