Mbegu za Ukwaju Zisitoke Mti Mmoja

Ndugu zangu wa vitalu, karibuni.

Hapa Kisumu tumezoea hivi: mtu anaonja ukwaju mtamu, anaulizia ulikotoka, kisha anajaza gunia la mbegu chini ya mti huo huo. Miche ikishauzwa Seme na Nyakach, mashamba kadhaa yanakuwa na watoto wa mama mmoja. Huo ni umaskini wa jeni, yaani wa sifa za kurithi, ingawa kitalu kinapendeza.

Mkwaju, chwaa kwa Dholuo, asili yake ni Afrika. Ua lake lina sehemu za kiume na za kike, lakini chavua ya mti wenyewe aghalabu haishiki tunda. Nyuki ndio huleta chavua ya mti mwingine. Kwa hiyo mbegu ya mti mtamu ina baba usiyemjua, na si lazima izae utamu. Anayetaka utamu ule ule apandikize kikonyo, yaani kijiti cha mti huo, juu ya mche mwingine. Atavuna mnamo mwaka wa 3 au 4, wakati mche wa mbegu hungoja 7 au zaidi. Ila usipandikize shamba zima kutoka mti mmoja. Kijenetiki miti hiyo yote ni mmoja: itachanua vizuri, kisha maua mengi yapukutike bila tunda.

Kwa mbegu, chuma kwenye miti 30 au zaidi, iliyoachana mita 100, maana iliyokaribiana mara nyingi ni ndugu. Kwa nini 30? Tuseme aina fulani adimu ya jeni, labda ile ya kukinga ugonjwa, hupatikana katika nakala 5 kwa kila 100. Kila mti una nakala 2. Ukihesabu upande wa mama pekee, miti 30 ni nakala 60, na uwezekano wa kuikosa jeni hiyo ni chini ya asilimia 5. Kwa miti 5, uwezekano wa kuikosa unafika karibu asilimia 60. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza kwa sababu ya nauli.

Chukua kiasi sawa kila mti, hata ule uliozaa kupindukia. Chuma mtini, si chini. Ganda lililokomaa huachana na nyama. Ligonge kwa ukucha, utasikia uwazi ndani. Mbegu yenye tundu dogo la mviringo imeshaliwa na fukusi, itupe.

Osha nyama yote, anika kivulini, loweka saa 24, panda kina cha sentimita 1.5. Nyingi huchipua ndani ya wiki mbili, na hapo ndipo wengi hukosea: wanamwaga udongo na mbegu zilizobaki. Kuna miti ambayo mbegu zake zina ganda gumu zaidi, nazo huchelewa. Ukizimwaga, umeondoa uzao wa miti hiyo bila kukusudia. Kwaruza ganda upande mmoja kabla ya kuloweka, na zilizochelewa endelea kuzinyweshea.